Mistari iliyoishia kwa Wandera

Leo baba ameniomba nifunge kompyuta.

Niko nyumbani Tororo, Uganda. Kazi yangu ni kuandika programu, na nilikuwa nimechora picha ya mradi wetu: kila mfanyakazi ni nukta, na kila programu ilipoharibika nilivuta mstari hadi kwa aliyeigusa.

Mistari mingi iliishia kwa Wandera.

Nikamwonyesha baba, najisifu kidogo. "Huyu ndiye anatuharibia."

Hapo ndipo baba akaniomba nifunge kompyuta.

Enzi za utawala wa wanajeshi alikuwa dereva wa lori, Tororo hadi Busia. Walimkamata, na kule kambini akaona ukutani majina yameunganishwa kwa mistari ya chaki. Jina lake liliunganishwa na la rafiki yake Yusufu.

"Wananiuliza, huyu unamjua vipi? Nasema, tunaswali pamoja, basi. Mimi wakaniacha. Yusufu hakurudi."

(Maisha yangu yote alikuwa hajawahi kunisimulia haya.)

Kisha akaniuliza, "Huyo Wandera umemwuliza?"

Sikuwa nimemwuliza. Nikampigia simu.

"Dada, kitu kikiharibika ni mimi naitwa kutengeneza," akasema. "Lakini bosi ameniambia nisirudi tena kazini. Amenionyesha picha fulani, ina nukta."

Picha hiyo nilimtumia bosi asubuhi.

Nampigia bosi tangu nilipomaliza kuongea na Wandera, hapokei. Baba amekaa kibarazani, chai hajaigusa.

Wandera hajui kwamba aliyeichora ni mimi. Nyinyi mngemwambiaje?