Tulivyoupanda Mwinuko wa Kaloleni

Kabla daraja la Kilifi halijajengwa, magari yote ya kwenda Mombasa na ya kutoka huko yalipanga foleni kungoja feri. Ukishavuka upande wa Mnarani, barabara ilitoka majini ikapanda moja kwa moja, haina huruma. Pale ndipo mimi na wenzangu wawili tulipojifunzia kukimbia.

Ilikuwa miaka ya themanini, na sote watatu tulikuwa walimu wasichana katika shule moja ya msingi huko Tezo, upande wa Kilifi. Mimi baba yangu alitoka Ukambani kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, nikazaliwa pwani. Mwenzangu mmoja alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mrefu, mwenye miguu iliyozoea kupanda na ndoo ya maji kichwani tangu utotoni. Wa pili alitoka katika ukoo wa kisiwa cha Pate uliohamia Malindi. Huyo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za nyumba ya bibi yake.

Wazo lilikuwa la yule wa Kaloleni. Kwao, kila mwaka baada ya Pasaka, vijana walishindana kukimbia kutoka kijitoni bondeni hadi sokoni juu mlimani. Tangu akiwa mtoto alisimama kando ya njia akiwatazama wakipita, na miguu ikimwasha.

"Mwaka huu sitatazama," alituambia siku moja tukila mahamri ofisini. "Nitakimbia. Mtakuja?"

Mwenzetu wa Pate aliacha kutafuna. "Mlima wenyewe mrefu?"

"Mrefu."

"Basi tuanze kujifunza leo, maana mimi nitakufa."

Kuanzia hapo, kila Jumamosi asubuhi tulivuka feri kwa miguu na kuukimbilia mwinuko wa Mnarani. Mimi nilivaa kaptura ya michezo na kujifunga leso juu yake, nikifika ng'ambo naivua. Mwenzetu wa Pate alikimbia na suruali pana chini ya gauni, ushungi kaufunga nyuma ya shingo. Viatu vyetu vilikuwa raba za turubai, zile nyeupe ambazo baada ya wiki mbili huwa hazina rangi. Watu waliokuwa kwenye foleni walishuka garini kututazama, kwani hawakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Dereva mmoja wa lori alitupigia kelele, "Nyinyi mabinti, mnakimbizwa na nani?"

"Na wanafunzi wetu!" mwenzetu wa Pate alimjibu bila kusimama, na foleni nzima ikacheka.

Mwanzoni sikufika juu hata mara moja. Nilikomea katikati, nimeshika magoti, mate yana ladha ya chuma. Kisha Jumamosi moja nikajikuta nimefika, na sikujua nimefikaje. Niligeuka nikauona mkono wa bahari kule chini, feri imekuwa ndogo kama kiatu cha mtoto, na wenzangu wanakuja huku wakinitukana kwa kuwaacha. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha nyepesi kama ile.

Huko Kaloleni mambo hayakuwa mepesi. Baba yake mwenzetu alikuwa mgema, mtu wa maneno machache, aliyesomesha watoto kwa minazi yake. Alipopata habari alimwambia binti yake, "Mwalimu hakimbii barabarani, ila akifukuzwa na nyuki." Mwenzetu alilala nyumbani kwao wikendi ile, na baba hakumsemesha tena. Alirudi Tezo akiwa mnyonge. Nilimuuliza kama tuache.

"Mimi nitakimbia," alisema. "Yeye asije kutazama, basi."

Siku yenyewe ilipofika tulishuka kijitoni na umati wa vijana. Aliyesimamia mbio alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya kukinga jua na firimbi shingoni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa uchangamfu, akatuonyesha ndoo.

"Ahsanteni kwa kuja, mabinti. Mtawapa maji wanaume pale juu."

"Mzee, tumekuja kukimbia," mwenzetu wa Kaloleni akasema.

"Kukimbia nini?"

"Huo mlima."

Alitutazama mmoja mmoja, akamalizia kwenye ushungi wa mwenzetu wa Pate. Nilidhani atatufukuza. Akacheka tu. "Haya, simameni nyuma kabisa, msije mkakanyagwa."

Firimbi ikalia, wanaume wakatoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Vumbi jekundu likatufunika. Sisi tulianza taratibu, kama tulivyozoea Mnarani, na kwa muda tulikuwa peke yetu, tukisikia kicheko cha watu waliosimama kando. Lakini kwenye kona ya kwanza tukaanza kuwakuta, mmoja hapa, wawili pale, wanatembea, mikono viunoni. Kijana mmoja alipotuona tunampita alishtuka, akakimbia tena kwa nguvu, akasimama tena mbele kidogo. Mara ya pili tulipompita hakuhangaika.

Kona ya pili ndiyo iliyotaka kunitoa roho. Jua lilikuwa limepanda, harufu ya nazi za mbata zinazokaushwa uani mwa watu imenijaa kooni, na barabara niliiona inasimama wima kama ukuta.

"Siwezi," nikasema.

"Usitazame juu," mwenzetu wa Kaloleni akanijibu bila kugeuka. "Tazama visigino vyangu. Hivyo tu."

Nyuma yangu mwenzetu wa Pate, aliyefundisha darasa la kwanza, akaanza kutuongoza kwa sauti ya darasani: a, e, i, o, u, hatua na irabu, hatua na irabu. Nilikuwa sina pumzi ya kucheka, lakini miguu iliitikia. Tukapanda hivyo, tukasoma mlima mzima kama watoto.

Tulipokaribia juu, sauti ikatoka mbinguni. Nasema mbinguni kwa sababu ndivyo nilivyodhani. Niliinua macho nikamwona mtu kileleni mwa mnazi, kisu mkononi, kibuyu kimemning'inia kiunoni. Alikuwa baba yake mwenzetu wa Kaloleni. Hakuja kutazama, alikuwa kazini kwake, na kutoka kule juu alikuwa ameiona barabara yote.

"Nyinyi wa hapo chini!" alikuwa akiwapigia kelele watu waliojaa njiani, kwa Kigiriama. "Mpisheni njia! Yule wa mbele ni mwanangu! Mwanangu yule!"

Watu wakasogea. Mwenzetu hakuinua uso. Niliyaona mabega yake yakitetemeka, nikajua analia, kisha akaongeza mwendo na kutuacha. Sikujaribu kumfuata. Mbio zile zilikuwa zake.

Aliingia sokoni wakiwa wamemtangulia wanaume wachache tu, na akina mama wauza muhogo wakapiga vigelegele mpaka mzee wa firimbi akaziba masikio. Mimi na mwenzetu wa Pate tulifika baadaye, tumeshikana mikono. Zawadi ilikuwa jogoo, naye alikwisha chukuliwa na mshindi. Mzee alikuna kichwa, akatupa mkungu wa ndizi uliowekwa kwa ajili ya wageni.

Baba akaja, kisu amekichomeka mshipini. Alimtazama binti yake aliyejaa vumbi.

"Umekunywa maji?" akamuuliza.

"Bado, baba."

Akakaa chini, akatukatia madafu, sote watatu, akitungojea tumalize kila mmoja ndipo akate jingine.

Mwaka uliofuata walikuja wasichana wengi, na mzee akawapangia mstari wao. Tuliupanda mwinuko ule kwa miaka kadhaa, tukirudi jioni nyuma ya lori la nazi, miguu inatetemeka, tunabishana nani alisimama wapi. Kisha yakaja ya maisha: uhamisho, ndoa, watoto. Mwenzetu wa Kaloleni alipelekwa shule ya mbali, na yule wa Pate akaolewa Ngomeni.

Nilimtembelea huko mara moja, miaka mingi baadaye. Tulitembea alasiri nzima tukitafuta mahali penye mwinuko, hata mdogo, tukakuta mchanga na mabwawa ya chumvi, bapa mpaka upeo wa macho. Alisimama, akavua makubadhi, akayashika mkononi.

"Tutakimbia hivyo hivyo," akasema, na kabla sijajibu alikuwa amekwisha kuondoka.