Mfaa wa Mlango Wetu

Nakumbuka siku moja ya upepo wa kusi, mwanangu, hapa hapa Kivinje, mlango wa nyumba yetu ulikuwa unagonga tangu alfajiri nami nikaamua kuukomesha. Nilikuwa nimetoka kumaliza sekondari, na kijana wa namna hiyo kila kitu cha kwao hukiona kina kasoro.

Mlango wenyewe unaujua. Una mbao mbili, na katikati umesimama mti mwembamba uliochongwa maua na mnyororo kutoka juu hadi chini. Huo ndio mfaa. Nyinyi mnauita “lile pambo la katikati”. Ni pambo, sikatai. Lakini umeshikizwa kwenye ubao wa kushoto, ukaulalia ule wa kulia, ndiyo maana wa kulia hufunguliwa kila siku na wa kushoto hukaa na komeo lake. Zamani ukisikia “fungueni mfaa”, ulijua kuna jambo: bibi harusi anaingia, au jeneza linatoka.

Mimi niliona ubao usiofunguliwa kazi yake ni kelele tu. Nikachukua misumari mirefu, nikaupigilia juu na chini. Bibi yangu alikuwa ukumbini anapeta mchele.

“Umemuuliza nani?”

“Upepo unatunyima usingizi, bibi. Na wenyewe haufunguliwi.”

“Leo haufunguliwi,” alisema, akarudi kwenye ungo wake.

Nikacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari ile guu halikuwa langu.

Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho. Alasiri moja, kaka yuko Lindi, damu ikaanza kumtoka. Mkunga alipofika hakuwa na maneno mengi: “Asisimame, asikunjwe. Kitanda hicho hicho mpaka kwenye gari.” Gari la hospitali lilikwishafika barazani. Tukakibeba kitanda mimi na majirani, kila mtu na mguu wake, na tulipokaribia mlango bibi akaita kutoka nyuma, “Fungueni mfaa.”

Nikavuta komeo. Ubao haukutikisika.

“Vuta basi, au sekondari hawakufundisha?” jirani mmoja alinitania. Hakujua.

“Nimeupigilia,” nilisema.

Hakuna aliyecheka. Kitanda kikatuliwa dakani, pale penye giza nyuma ya mlango, nami nikaenda mbio kutafuta mtaimbo. Niliporudi niliuchomeka kwa pupa hata nikajichuna vidole. Nasikia mpaka leo sauti ya shemeji pale chini, ndogo kama ya mtoto: “Polepole, shemeji, utajikata.” Damu inamtoka yeye, ananionea huruma mimi.

Mfaa ulipasuka ndipo ubao ukaachia. Ule ufa ambao watoto wenu hutia vidole haukuletwa na uzee. Shemeji alijifungua salama hospitalini, alhamdulillahi, lakini hakuzaa tena. Kama ni kwa ajili ya kule kucheleweshwa, Mungu ndiye ajuaye. Mimi sijaacha kujiuliza.

Bibi alisema mara moja tu, tukiwa tunangoja habari. “Unadhani waliuchonga mfaa ili uwe mzuri tu? Waliuchonga ili kila apitaye auone, asisahau kwamba mlango una nusu nyingine. Nusu ile ni ya siku nzito.”

Sasa mmeniambia fundi wa mageti atakuja kuung’oa, mtie mlango wa chuma, mmoja, mwembamba, kwa ajili ya wezi. Tangu mlipoondoka sijapata raha. Sisemi msibadili. Mchwa wameshakula kizingiti, nami nina macho. Ila fundi akija, kabla hajakata chuma, mpelekeni chumbani kwangu apime kitanda changu. Nimebakiwa na safari moja ya kutoka humu, na sitaki watu wanisimamishe dakani wakitafuta mtaimbo.

Shika hili, mwanangu: usizibe kitu kwa kuwa leo hakina kazi. Uliza kwanza kinangoja siku gani, na muulize aliyekutangulia. Mungu akufungulieni mbao zote mbili, za kuingizia heri na za kutolea mazito, na siku yenu ya kubebwa akupeni wabebaji wenye mikono ya upole. Amin.