Anayekanda Mlango Ukiwa Wazi Ndiye Aliyefungiwa Kashikishi

Jua limeshapanda na harufu ya chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, imetanda kwenye meza za kuanikia samaki za Kashikishi, upande wa Zambia. Katikati ya meza mbili, juu ya mkeka, Méschac amelala kifudifudi. Ni mvuta nyavu mwenye mgongo mpana, lakini leo analalamika kama mtoto anayenyolewa.

"Mama, polepole. Ule mufupa ni wangu."

"Kama ni wako, juu ya nini uliuacha ukauke hivi?" anamjibu Colette Mujinga, viganja vyake vikiwa vimelowa mafuta meusi ya kokwa za michikichi. "Ukiona inauma kubaya, sema basi. Naacha."

Méschac anasema basi. Mikono inasimama palepale. Jamaa anacheka, maana alikuwa anamjaribu tu, kisha anamwomba aendelee.

Colette hakandi watu juani kwa kupenda. Ana chumba chake, na ukisimama kwenye mkeka unakiona, mlango wake ukiwa na kufuli kubwa la shaba. Kufuli hilo ni la kamati ya wenye vyumba vya biashara vya safu hiyo, na lina zaidi ya mwezi linaning'inia hapo.

"Loyer, pesa ya chumba, nililipa," anasema. "Chumba kimefungwa na mi niko inje na mukeka. Kosa ni ya mwengine, adhabu ni yangu. Unielezee wewe unayeandika."

Mwandishi amezunguka Kashikishi siku kadhaa akitafuta mtu wa kumweleza yeye, na kila aliyeulizwa ametoa jibu linalopandisha hasira zaidi.

Colette ana miaka arobaini na miwili. Alivuka kutoka upande wa Pweto, Kongo, akafika Mantapala, kambi ya wakimbizi, mwaka 2018, ilipokuwa bado ni vichaka na mahema. Mumewe, Gustave, amebaki huko kambini na shamba la mihogo. Yeye hushinda Kashikishi siku za kazi na kurudi Mantapala mwisho wa juma.

Kazi ya kukanda alifundishwa na mama yake mkubwa, aliyekuwa akiitwa kila nyumba yenye mzazi aliyetoka kujifungua. Wateja wake wengi ni wavuta nyavu, wapakizi wa bandarini na wanawake wanaobeba mabeseni ya samaki kichwani. Humlipa kwacha arobaini. Chumba kilipokuwa wazi aliweza kupata kwacha mia mbili kwa siku. Juu ya mkeka, kati ya nzi na macho ya watu, akipata themanini anashukuru.

Chumba chenyewe kilikuwa na taratibu zake. Mlango haukufungwa. Pazia lilikatwa liishie magotini, ili anayepita aone miguu ya waliomo ndani na si zaidi. Mwanamke aliingia na ndugu au rafiki, aliyekaa naye pembeni mpaka mwisho. Baadhi ya watu walimcheka kwamba anakanda peupe kama anauza nyanya.

Hatua chache kutoka hapo ilifunguliwa spa. Hatutaitaja jina, maana siku hizi ina jina jingine. Ilikuwa na mlango wa kioo cheusi, vigae, marashi, glasi ya maji baridi kwa kila mteja, na mlango huo ulifungwa kwa ufunguo mteja akishaingia. Bei ilikuwa kwacha mia mbili na hamsini. Watu wa Kashikishi waliona ufunguo wakadhani ni heshima.

Mmoja wao alikuwa Pierrette, mfanyabiashara anayenunua samaki kambi za wavuvi za Chisenga na kuwauzia Wakongo. Mwaka huu alijifungua mtoto wa kike, Vanessa, kwa upasuaji.

"Kwetu muzazi hakandwi na mutu wa barabarani," anasema Pierrette, mtoto akinyonya mapajani pake. "Anakandwa na mama yake, na maji ya moto, tumbo linafungwa na kitenge. Mama yangu iko Pweto, miguu haimubebe tena. Alors nilitafuta wa kulipa."

Kwanza alikwenda kwa Colette. Na hapa, ili tusimwonee mtu, ni lazima isemwe kwamba Colette naye alikosea. Alimuuliza swali ambalo humuuliza kila mzazi, lakini alilipaza, mlango ukiwa wazi, wauza chisense wakiwa wamekaa nje wakichambua samaki.

"Mutoto alipita njia gani? Balikupasua?"

Wauza samaki wakageuza shingo. Ufukwe huu bado una watu wanaomwita mwanamke aliyepasuliwa mvivu wa kuzaa. Ni upuuzi mtupu, na wengi wanaousema ni wanaume ambao hata jino likiwauma hulia. Lakini upuuzi huo unauma, na Pierrette alikuwa amewaambia majirani kwamba alijifungua kawaida. Kwa hiyo akakana.

Colette hakuamini. Alishaona jinsi mwenzake alivyokaa, mkono ukiwa umeshika chini ya tumbo. Akamwambia hatalishika tumbo lile, arudi hospitali waliangalie kwanza, wakikubali ndipo aje. Muuguzi aliyewafundisha wanawake wa Mantapala alimwonya hivyo, naye halivunji neno hilo.

"Nilikasirika," Pierrette anakiri. "Nilisema, huyu mama ananifanyia aibu mbele ya batu, na kazi hafanye. Nilibeba kitenge yangu nikavuka barabara. Kule balinifungia mulango, balinipa maji ya baridi. Nilisema, ndio apa bananiheshimu."

Hakuna aliyemuuliza kitu. Msichana wa kazi alichovya taulo katika maji ya moto, akaanza kulikandamiza tumbo kwa nguvu zake zote.

"Nilisema basi. Nilisema tena. Ananiambia, vumilia mama, dawa ndio inaingia. Redio ilikuwa inapiga kelele, mulango una ufunguo. Nani angenisikia?"

Kesho yake alikuwa na homa. Siku iliyofuata mshono ulikuwa umefunguka na kutoa usaha. Wifi yake, Jeanine, ndiye aliyemkimbiza hospitali. Alilazwa karibu mwezi mzima, akashonwa upya, na mtaji wa samaki ukaishia kwenye maziwa ya kopo na nauli.

Habari zilienea. Wanaume bandarini wakasema masaji yote ni uchafu. Kamati ya safu ikakutana, ikafunga vyumba vyote viwili kwa siku moja: kile kilichomuumiza Pierrette na kile kilichokataa kumgusa.

Mwenye spa anaitwa Eddy. Tulimkuta amekaa mbele ya mlango uleule wa kioo cheusi, chini ya kibao kipya chenye picha ya kucha nyekundu. Kamati ilipofunga spa, alifungua duka la kucha kabla juma halijaisha.

"Ajali inapatikana kila pahali," anasema kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Ile mambo ya spa nilishaacha. Sasa nafanya kucha tu."

Nyuma yake, pazia likipeperushwa na feni, kitanda cha spa kinaonekana na mtu amelala juu yake. Hakuonekana kuwa mtu wa kucha.

Tulimuuliza ni nani aliyemfundisha yule msichana. "Aliona kwenye simu," anajibu. "Ni kazi rahisi." Msichana ameshafukuzwa. Eddy hajafukuzwa na mtu.

Mwenyekiti wa kamati, mzee Kasonde, ni Mzambia mpole, na Kiswahili chake ni cha kuuzia samaki. Alitukaribisha kiti, akatupa soda, kisha akatoa maelezo ambayo mpaka leo yanatuwasha.

"Mimi sina ubaya na bamayo Colette," anasema, akimwita mama kwa Kibemba. "Yule Eddy amebadilisha biashara, tukamfungulia. Lakini bamayo, ukimuuliza, anasema kazi yake ni masaji. Na masaji tumefunga."

Kwa hiyo Colette angedanganya angekuwa amefunguliwa. Mzee Kasonde alicheka kidogo tulipomwambia hivyo, akasema mambo ya kamati ni magumu. Kisha akaongeza kwamba ipo njia: Colette aweke vigae, kioo, na mlango wa mbao wenye ufunguo, "ionekane ni spa ya kweli, watu waamini". Akifanya hivyo, kamati itafikiria.

Mwanamke mmoja amechanwa tumbo nyuma ya mlango wenye ufunguo, na dawa iliyopatikana ni kuongeza ufunguo mwingine. Tuliinywa soda ya watu tukaondoka, maana tungebaki tungesema maneno ya kutufanya tusirudi Kashikishi.

Colette aliposikia sharti hilo hakupaza sauti. Alikunja uso, akafuta mikono kwa kitambaa taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Banataka nifunge mulango ili batu baniamini," alisema. "Mi nilifungua juu baniamini. Sasa nani kati yetu iko na kichwa?"

Wanawake wengi wa Kashikishi wanauliza swali moja siku hizi: miili inauma, mama zetu wako ng'ambo, twende kwa nani? Tulimpelekea Colette swali hilo naye hakusema waje kwake.

"Ukiingia, uangalie kama atakuuliza," alisema. "Mutu asiyeuliza kitu, anashika tu mafuta, umukimbie. Umuambie unataka kukaa na dada yako. Akisema dada abakie inje, na wewe utoke. Na akikuambia hii siwezi, nenda hospitali, usimukasirikie. Anakosa pesa yako juu ya kukulinda."

Yeye mwenyewe amebadilisha jambo moja. Swali la mtoto alipita njia gani siku hizi huliuliza kwa sauti ya chini, mdomo ukiwa karibu na sikio la mzazi, tena baada ya kuwaomba wauza samaki wasogeze mabeseni yao. Akipata chumba chake, anataka siku mbili za juma ziwe za wazazi peke yao, na kila aliyepasuliwa aje na neno la kliniki kwanza. Anataka pia kumfundisha yule msichana aliyefukuzwa na Eddy. Tulishangaa. "Mikono yake haina ubaya," alisema. "Hakuna mutu alimufundisha."

Kamati itakutana tena Ijumaa, na Colette amepewa nafasi ya kujieleza. Asipokubaliwa, chumba kitapewa mpangaji mwingine na mkeka ndio utakuwa mahali pake pa kazi, mpaka mvua zianze. Zikianza, hata mkeka hautakuwepo.

Tulipokuwa tukiagana, Pierrette alifika na Vanessa mgongoni. Alisalimia watu wote, akachuchumaa mbele ya Colette.

"Yaya, dada mukubwa, Ijumaa tunaenda pamoja," alisema. "Bale babwana banasema maneno ni maneno tu. Mi nitapandisha blouse pale mbele yao, baone tumbo yote vile iko. Batakupa ufunguo siku ileile."

"Hapana," Colette akasema.

"Juu ya nini? Haya yangu ilishaisha."

"Haikuisha. Mi ndiye niliiharibu, siku niliuliza mbele ya batu. Sitapata chumba kwa kukuvua nguo."

Mtoto alianza kulia, Pierrette akamzungusha mbele na kumpa ziwa. Tulitazama pembeni, kule kwenye meza za samaki.

"Alors tutasema nini?" Pierrette akauliza.

"Utavaa nguo yako ya kanisa, utakaa kwa kiti, utaelezea na kinywa," Colette alimwambia. "Na kama kinywa ya mwanamuke haibatoshe, babakie na chumba chao."