Picha ya Baba Mdogo Msituni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku picha ile ilipotufikia hasira zilinitangulia mlangoni. Simu za intaneti zilikuwa zimeshapanda milima yote. Hata kwetu Magamba, ambako zamani tulisoma gazeti la juzi, mtu aliweza kumtukana ndugu yake akiwa amejilaza kitandani.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyehamia Tanga na kuokokea huko, alikuwa amemtupa baba yangu mdogo mtandaoni. Kofia nyeupe ya msikitini kichwani, kisu mkononi, kondoo mweusi miguuni, na nyuma yake ile miti mikubwa. Chini ameandika: "Waislamu wa milimani wanaabudu miti."

Lazima nieleze. Miti ile imeota kwenye mahame ya mababu zetu, juu ya makaburi yao. Mvua ikichelewa, ukoo hukusanyika pale kwa tambiko. Baba mdogo ndiye mtunzaji, na ndiye mchinjaji, tena kwa bismillahi, ili wote waweze kula: Waislamu, Walutheri, hata huyo binamu, ambaye utotoni alikuwa wa kwanza kugombea maini. Tulikula, tukarudi nyumbani, kila mtu na dini yake. Hakuna aliyeuliza jambo lile linaitwaje.

"Nipeleke polisi," baba mdogo aliniambia. "Picha ifutwe. Umri wangu wote nimeswali, leo naitwa mshirikina mbele ya dunia?"

Nikampeleka, maana mimi ni mwalimu na kwetu naaminiwa kwa Kiswahili cha ofisini. Afande alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia baba mdogo shikamoo, akamvutia kiti, akaitazama picha kwa muda.

"Mzee, kukashifu dini ya mtu mtandaoni ni kosa. Sasa, dini iliyokashifiwa hapa ni ipi?"

"Uislamu."

"Sawa. Kwa hiyo huko msituni hamkuwa kwenye ibada?"

"Hatuabudu miti, mwanangu."

"Mlikuwa mnafanya nini basi?"

Baba mdogo akanitazama mimi. Nikayapima majibu kichwani. Tukisema ile ni dini yetu, ataingiaje tena msikitini? Tukisema si dini, basi binamu kakosea maneno tu, na sheria haina kazi naye. Ilikuwa kama kanga fupi, ukifunika kichwa miguu inabaki nje.

"Tunakula," baba mdogo alisema mwishowe. "Tunakula na waliotutangulia."

Afande aliweka kalamu chini. Hakuandika kitu. Alimpigia binamu simu, akamwonya kwa sauti nzito, na kabla hatujafika stendi picha ilikuwa imefutwa. Baba mdogo alinunua ndizi tukala njiani tukicheka, na mimi nikaamini tumeshinda.

Haukupita muda mrefu akaja bwana misitu. Mipaka ya hifadhi inapimwa upya, alisema, na miti yetu iko ndani. Vigingi vikishakaa, hakuna kuingia bila kibali, wala kuchinja, wala kuwasha moto. Baba mdogo alikaa chini kwenye nyasi. Lakini, akaendelea bwana misitu, sheria inawalinda wenyeji. Sehemu ya ibada za jadi inaweza kuachiwa ukoo.

"Mna ushahidi kwamba mnapatumia?"

Baba mdogo aliinuka upesi. "Ile picha! Mwonyeshe, mwanangu."

Nilisimama na simu mkononi. "Tuliifuta, baba."

Nikampigia binamu hapohapo. "Dada," alisema, "juzi mlitaka nifungwe kwa kuiweka. Leo nifungwe kwa kuitoa? Sina hata moja, nilisafisha simu yote kwa woga." Nilitafuta tusi la kumpa nikalikosa, kwa sababu alisema kweli. Niliona uchungu mpaka nikakata simu bila kuaga.

Bwana misitu alitupa nafasi. Mkifanya tambiko jingine, alisema, pigeni picha mniletee. "Ila ionekane wazi kuwa ni ibada ya jadi, si sherehe."

Mvua za vuli zilipochelewa tukapanda hadi msituni. Wanaume walimlaza kondoo, Walutheri wetu wakapanga kuni kama siku zote. Nikainua simu.

"Ngoja," alisema baba mdogo. Akavua kofia yake, akaigeuzageuza, akaivaa tena. Halafu akaivua. Ukoo mzima ulimngoja, na kondoo naye pale chini.

"Mwanangu, wewe umesoma. Nivae au nivue?"

Nilimfikiria afande, nikaufikiria msikiti, nikamfikiria bwana misitu na vigingi vyake.

"Sijui, baba."

Nikampiga picha akiwa na kofia, nikampiga nyingine bila kofia. Zote mbili zimo humu kwenye simu, na bwana misitu anangoja moja.