Fundi wa Boito Asiyeachilia Lori Bila Honi

Ukungu bado umeikalia Boito, kwenye milima ya chai, na Janeffer Chepchirchir tayari ameinama kwenye boneti ya lori la majani chai, bisibisi mkononi, akigomba. Anaigombeza honi, anamgombeza dereva, na ukisogea karibu nawe utapata yako.

"Bonyeza!" anamwambia dereva, Isaiah.

Inatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua.

"Hiyo ni honi ama ni kikohozi? Na unapita kona na hiyo, Isaiah?"

Mwenye lori, Okemwa, anatazama saa yake. Wakulima wanangoja na majani kwenye mabanda ya kuuzia chai. "Mama, funga boneti twende. Honi si breki. Gari inatembea tu bila honi."

Janeffer anasimama wima. "Mzee, enda umwambie Tecla hivyo."

Tecla ni dadake. Msimu wa mvua uliopita, lori hilihili lililetwa hapa gerejini honi ikiwa hivihivi, mara inakohoa, mara inakufa. Janeffer akataka kuweka nyingine, wakamwambia watarudi kesho. Walipofika kona ya kushuka mtoni, Isaiah akiwa kwenye usukani, wapakiaji wakafanya wanavyofanya siku zote honi ikifa: wakagonga bodi ya lori kwa viganja.

Jamani, viganja! Mwanamke amejifunika karatasi ya nailoni kichwani, mvua inapiga juu yake, kikapu cha majani kiko mgongoni. Atasikia viganja vya nani? Tecla alirukia mtaroni akiwa amechelewa. Alivunjika nyonga, na hajachuma chai tena.

"Walikuja hospitalini na soda," anasema Janeffer. "Soda! Honi hawakununua mpaka leo."

Ukimuuliza honi inavyofanya kazi, hasira inapoa kidogo. Anaokota honi kuukuu aliyoipasua na kuonyesha kwa kidole cheusi cha grisi.

"Stima ikiingia kwa hii koili, inakuwa sumaku, inavuta hiki kibati. Kibati kikivutwa, stima inakatika, kinarudi. Kikirudi, stima inaingia tena. Ni mbio sana, huwezi kuona. Huko kutetemeka ndiyo sauti unasikia."

Si kila honi bubu ni ya kutupwa. Kwanza yeye hukagua fyuzi, relei na nyaya, kisha huiunganisha honi moja kwa moja na betri. Ikiendelea kukwaruza, na skrubu ya nyuma ya kurekebishia sauti isisaidie, basi imekwisha.

Nyingi za huku huuawa na madereva wenyewe. Wanaosha matope kwa mashine ya maji na kuelekeza mpira kwenye mdomo wa honi, kibati kinashika kutu. Halafu wakikaribia banda wanashikilia honi bila kuachilia, wakiwaita wakulima walete majani, hadi koili inaungua.

"Ya kutuita tuuze, hiyo wanaimaliza," anasema. "Ya kutuambia tutoke barabarani, wanasema ni hasara. Sisi ni watu ama ni majani?"

Okemwa anatishia kwenda kwa fundi mwingine.

"Enda, mzee. Lakini utaisukuma." Funguo za lori ziko kwenye mfuko wa ovaroli yake, na mkono wake uko juu ya mfuko.

Mwishowe Okemwa anamtuma Isaiah dukani. Honi mpya inaletwa. Janeffer anaifunga mahali pake, mdomo ukiangalia chini, ili maji yasiingie, huku akieleza mpango wake: msimu huu anataka kila lori la majani la eneo hili lipimwe honi kabla ya kupanda milimani, na ameshaanza kuwaendea wakulima banda kwa banda ili wakatae kupakia kwenye lori bubu.

"Na Tecla akipona, atapita ile kona na kikapu chake. Mimi nimesema."

Anampa Isaiah funguo. "Bonyeza sasa."

Honi inalia hadi mbwa wa ng'ambo wanabweka. Kwenye baraza ya nyumba iliyo nyuma ya gereji, anakokaa na dadake tangu aumie, Tecla anainuka taratibu kwa magongo yake.

"Isaiah!" anaita. "Kumbe unajua kupiga!"

Isaiah anaondoa mkono kwenye usukani.