Kichaa, Karani na Salamu Zangu

Jumamosi, tarehe 9 Novemba. Mawingu yalitanda tangu alfajiri, yakanguruma, yakadondosha matone ya kulowesha vumbi tu, yakaenda zake. Joto likabaki palepale.

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo huenda haya nimeyaelewa vibaya, nayaandika nilivyoyaona. Binti wa kaka yangu, tunayekaa naye hapa Kanyenye, ametengeneza mfumo wa chama cha warina asali wa Kigwa. Mrina anatuma ujumbe wa simu kueleza ana ndoo ngapi, mfumo unaupokea na kuwaonyesha wanunuzi. Leo saa kumi viongozi wa chama walikuwa waje kuujaribu. Wakiukubali, binti anabaki Tabora kuusimamia. Wakiukataa, anapanda basi la Dar kutafuta kazi, nami nabaki na mume wangu, ambaye huzungumza siku ya mpira tu.

Asubuhi binti na kijana anayefanya naye kazi walibishana juu ya namna ya kuusaka ubovu kabla wageni hawajafika. Kila mmoja ana programu yake, inayobisha mlango wa mfumo yenyewe mara nyingi mno, bila mtu kugusa kitu. Ya kijana hutupa takataka yoyote: ndoo hasi tano, jina refu kama reli, picha ya nanasi mahali pa namba. Tukaiita Kichaa. Ya binti husoma kwanza mwongozo wa mfumo, kisha huchunguza kama kila kilichoahidiwa kinatimizwa. Hiyo tukaiita Karani.

"Mwamuzi awe shangazi," kijana akasema. "Hajui kitu, kwa hiyo hana upande."

Sikujua kama nimesifiwa. Nikachukua daftari.

Nilitoa nusu saa kwa kila programu. Zamu ya Karani mtandao ukakatika, nikaamuru ianze upya. Kijana akalalamika kwamba Karani kapewa nafasi ya pili. Nikaona ana haki, Kichaa nayo ikarudia. Binti akanuna. Nikaona naye ana haki, lakini saa zilikuwa zinakwenda.

Kichaa ilileta makosa kumi na tisa, kijana akaruka juu. Nikayasoma polepole: kumi na manne yalikuwa kosa lilelile la ndoo hasi, limebadilisha kanzu tu. Nikayahesabu moja.

"Shangazi, unaniua!"

Karani ilileta sita, kila moja la peke yake, ila moja lilikuwa la mwongozo wenyewe. Mfumo haukuwa na hatia. Niliwaza mpaka chai ikapoa, nikalipa nusu.

"Yaani nafungwa kwa nusu!" binti akasema.

Lakini hakuna kosa hata moja lililoonwa na programu zote mbili. Hilo nililiandika pembeni, maana tungetumia moja tu, ya mwenzake yangebaki humo ndani.

Wakayarekebisha yote. Saa nane binti akaenda kuoga, kijana akaenda kununua vitumbua vya wageni. Nikabaki na simu. Nikaandika "Hujambo?", nikatuma, nikangoja. Mtu haanzi habari za ndoo kabla hajaitikiwa. Kimya. Nikadhani haukusikia, nikasalimu tena. Mara ya tano kompyuta ya binti ikatoa mstari mwekundu, mfumo ukazimika.

Nilifikiria kuifunika kompyuta kwa kanga. Lakini mtu aliyeshinda kutwa akiwakata wenzake alama hawezi kuficha la kwake. Waliporudi nikasema.

"Uliandika nini?" binti akauliza.

"Nimesalimia tu."

"Halafu?"

"Nikangoja niitikiwe."

Kijana alicheka, kisha akaacha ghafla. "Kigwa nzima watafanya hivyohivyo."

Kumbe mfumo ulidhani salamu ni mwanzo wa maelezo, ukawa unangoja yaliyobaki, nami nangoja jibu. Kila salamu ilishika nafasi moja, na nafasi zilikuwa tano. Kichaa na Karani husema yote kwa mkupuo na kuondoka; hakuna iliyowahi kusalimu ikatulia.

"Basi mfumo uitikie kila salamu kwa marahaba," kijana akasema.

"Mwenyekiti ana miaka sabini," nikasema. "Aitikiwe marahaba na kitu kilichozaliwa juzi?"

"Basi uamkie wenyewe," binti akasema, akaanza kuchapa.

Viongozi watatu walifika saa kumi na nusu. Mwenyekiti akavaa miwani, akatuma: "Hamjambo hapo?" Simu ikajibu: "Shikamoo. Una ndoo ngapi za asali?"

Mzee akawageukia wenzake. "Hata habari za nyumbani haijaniuliza!"

Hata hivyo akaandika: "Marahaba. Nyumbani hawajambo. Nyuki wakali mwaka huu. Ndoo nne."

Mfumo ukapokea nne. Nikapumua.

"Kana adabu," mwenyekiti akawaambia wenzake, "ila kana haraka. Tukae nako msimu huu, tukaone."

Walipoondoka binti aliingia chumbani, nikasikia begi la safari likirudishwa juu ya kabati.

Kijana akauliza nani kashinda. Nikamwambia Kichaa, kwa nusu alama, na sibadilishi. Kosa langu sikulihesabu popote. Sikuwa mshindani, na mpaka sasa sina hakika kama lilikuwa la mfumo au langu.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, nikayaunga kwa karanga. Kijana alikula kwetu, akaongeza mara mbili.