Siku Bukwe Alitosha Ganti

Iko siku moya kichwa yangu inakatala kusahabu, mwana yangu, hata kama mambo mingine yote inapotea, hata fasi naweka miwani yangu. Ikala kidogo, nikuelezee.

Ilikuwa wakati wa État ya Katanga, Katanga ilijitenga na Kongo, wakati muji yetu Likasi ilikuwa ingali inaitwa Jadotville. Bendera ilikuwa mupya, basoda banapita ku barabara, na bakubwa balisema sasa bantu beusi baingie fasi zenye habakuwa banaingia. Njo vile mulango ya Cercle ilifunguka. Cercle ilikuwa kilabu ya bazungu bakubwa, na ndani yake restaurant ya bitambaa bya mweupe. Mbele ya wakati ile, muntu mweusi aliingia mule na sahani ku mukono, hapana na njala yake.

Minye nilikuwa kijana, natumika ku atelier, fasi ya kutengeneza mashini. Masomo niliacha katikati; mwalimu alifurahi kupita minye. Ingénieur yetu alikuwa anatafuta muntu mweusi wa kufanya chef, mukubwa wa batumikaji, akatuita shiye babili, minye na rafiki yangu Pierre, tukule naye muchana mule mu Cercle, siku ya Mungu. Pierre alinifunga kravati nguvu sana, nikakuwa sawa mbuzi anapelekwa ku soko. Biatu bilikuwa bya kaka yangu, na kaka yangu iko na miguu ya mutoto.

Tukaikala. Nikaweka serviette, kitambaa ya kupangusia kinywa, ku magoti sawa Pierre alinifundisha. Garçon akakuya na supu, amevaa veste ya mweupe na ganti za mweupe ku mikono. Nikainua macho.

Ilikuwa Baba Ilunga, baba ya Odile.

Odile njo muke ule nilitaka kuoa. Bandugu yangu balikuwa bamekwisha kuenda kwabo kumuposa, baba yake akasema atafikiri. Niliyua anatumika kwa bazungu. Fasi gani, sikumuuliza, juu kwetu haulombe-lombe bukwe, baba ya muke, maneno. Na weye wa lelo pengine hauyue desturi yetu: mwenye kuoa hakule mbele ya baba ya muke, mupaka siku bukwe mwenyewe atamuita, amupe chakula na mukono yake, aseme kula. Akikuona unatafuna mbele ya siku ile, ni sawa umemutukana. Ndoa inaweza kufa pale pale. Na apa yeye mwenyewe alikuwa ananiwekea supu.

"Kula," Pierre akanisemesha chini-chini. "Muzungu anakuangalia."

"Ule ni bukwe yangu."

"Bukwe yako iko kwake, ku mitaa ya Kikula. Uyu ni garçon. Kula, weye, utatukosesha kazi."

Nikaweka mikono chini ya meza.

Supu ikapola. Baba Ilunga akaitosha ku meza, akaleta samaki. Samaki nayo ikaniangalia. Ingénieur akacheka, akaniambia na Kifaransa, polepole sawa vile unasemesha mutoto, nisiogope kisu na kanya ya meno, haziume. Meza ya pembeni nayo ikacheka. Ningesema kweli, bote bangegeuka kuangalia muzee ule, bamucheke yeye. Nikasema tu: "Pardon, minye siyue kutumia bintu ibi."

Ilikuwa bongo, nilidanganya. Pierre alinifundisha siku mingi, na misumari mbili fasi ya kisu na kanya, na kipande ya bukari, ugali yetu. Lakini nilisema vile.

Baba Ilunga alisikia. Akaweka sinia chini. Akatosha ganti ya mukono ya kuume, kidole kwa kidole, mbele ya Cercle muzima. Akavunja mukate, akaichovya mu muchuzi ya samaki, akaniwekea mu mukono.

"Kula, mwana yangu," akasema na Kiluba. "Minye baba ya Odile, nimekukulisha."

Nikakula. Gérant, muzungu mwenye kuchunga fasi ile, akakuya mbio, akamusemesha muzee mu sikio. Muzee akavaa ganti yake, akaendelea kuleta nyama, uso sawa hakuna kintu. Na minye nikakula ile nyama na kisu na kanya, muzuri kabisa. Ingénieur akabakia kinywa wazi.

Kesho yake bakamutosha Baba Ilunga mu salle, fasi bantu banakula, bakamupeleka nyuma kusafisha masufuria. Mu salle hakurudia tena. Minye sikupata uchef. Pierre alipata.

Nikaenda Kikula, nikapiga magoti ku mulango yake. "Baba, juu yangu umepoteza kazi ya heshima."

Akanishika mukono. "Nani alikuambia ilikuwa ya heshima? Imana, tosha magoti chini. Na usikie. Kukatala kula, ulifanya muzuri. Lakini ulidanganya ati hauyue, bantu bakabacheka benye balikuzaa, sawa habakukufundisha. Juu ya nini haukuniita? Minye nilikuwa pale, ku bega yako. Ungesema, Baba, unikulishe. Kijana akinyamaza na haya yake, anazania bakubwa habaone."

Kisha akaita Odile alete bukari. Tukakula, minye na muzee, mu sahani moya. Nikaoa Odile, na mutoto yetu wa kwanza tulimupa jina ya ule muzee.

Njo vile nakuambia, mwana yangu. Weye utaingia fasi kubwa kupita ile, juu masomo yako haikukatika sawa yangu. Ukiingia, usiangalie kwanza bitambaa na bilauri. Angalia nani anabeba sahani. Pengine ni wa kwako, na kama hapana wa kwako, ni wa mwengine, umusalimie. Na siku desturi mbili zitakuvuta huku na huku, usimeze haya peke yako. Ita mukubwa, umwambie. Desturi iko na benyewe, na benyewe njo banayua ginsi ya kuifungua. Na kama mukubwa anaumia juu yako, usimupe pole tu na kuenda. Ikala naye, ukule naye, mupaka mwisho.

Mungu akupe kukula kati ya bantu benye banakupenda. Akufungulie milango, na siku atakufungulia, asikuache uingie peke yako. Enda muzuri, mwana yangu.